Mkono wa Beseni

Wamucii alianza kumwonea Winny gere siku Daktari Nabwire, mhadhiri wao, alipomwita "daktari mdogo" mbele ya darasa zima. Neno lenyewe dogo, lakini lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Si yeye Wamucii aliyeongoza darasa la sayansi ya mazoezi na afya ya jamii tangu mwaka wa kwanza? Si yeye aliyejua misuli yote ya paja kwa majina? Mbona yeye aitwe Wamucii tu, tena siku nyingine jina lenyewe likakosewa?

Mwaka huo wa tatu mhadhiri aliwachukua wote wawili katika utafiti wake: wanawake wa soko la Kibuye hutembea kiasi gani kwa siku, na presha yao ikoje. Baada ya wao kuhitimu, mhadhiri angebaki na msaidizi mmoja. Mmoja tu. Wamucii aliitaka nafasi hiyo mpaka akakinai chakula.

Winny alipewa wauza omena, wale dagaa wa ziwani, kwa sababu aliongea nao Kijaluo. Wamucii akapewa washonaji, watu wa kukaa kitako kutwa, na hilo nalo likamchoma. Kila mwanamke alivishwa saa ya kuhesabu hatua, ile inayosoma mkono unavyopunga mtu akitembea.

Jumanne ya kwanza, Wamucii alimwona Mama Dorca, mmoja wa wauza omena wa Winny, akikatiza soko na beseni kichwani. Mkono wa kulia ulikuwa umelishika beseni, umetulia tuli. Saa ilikuwa mkono huohuo. Wamucii akasimama. Mkono usiopunga hauhesabiwi. Kumbe Winny, binti wa hapahapa, aliyebebeshwa beseni tangu utotoni, hakukumbuka kuuliza ni mkono upi unaolishika. Kwake lilikuwa jambo la kila siku, nani alitazame? Mgeni ndiye aliyeliona. Wamucii akacheka kimoyomoyo hadi kicheko kikamtoka usoni, Mama Dorca naye akamchekea, kila mtu akashika njia yake.

Alijiambia atasema kesho. Kesho ilipofika akawasikia mhadhiri na Winny wakicheka pamoja ofisini, mlango wazi, akaapa hasemi kitu. Wacha daktari mdogo ajianike mwenyewe.

Wiki mbili baadaye walikutana ofisini humo kusoma matokeo. "Wauza omena wanatembea kidogo kuliko washonaji," Winny alisoma, sauti ikimpungua. "Daktari, hata mimi sielewi. Hawa wamama hawakaangi chini."

Wamucii hakuweza kujizuia tena, furaha ilikuwa ikimwasha. "Ni beseni," alisema. "Saa iko kwa mkono wenye unashika beseni. Mkono haupungi, saa haihesabu."

Daktari Nabwire aliweka kalamu chini. Uso ulimng'aa, na kwa muda mfupi Wamucii akaonja kile alichokitamani mwaka mzima. "Hiyo ni kali, Wamucii. Ulijua lini?"

"Jumanne ya kwanza," alijibu upesi, kwa fahari.

Lilikuwa limeshatoka. Winny alimtazama, na afadhali angemtukana.

"Winny alikosea," mhadhiri alisema. "Mimi pia nilikosea, sikuenda kuangalia. Lakini wewe ulijua. Enda Kibuye uwaambie hao wamama warudie wiki mbili zao. Wewe, si Winny."

Alimkuta Mama Dorca akipima omena kwa mkebe. Alimweleza kwa kubabaika, hajui macho ayaweke wapi. Mama Dorca aliacha kupima, akainua mkono wa kulia. Saa ilikuwa bado pale, na mkanda ulikuwa umemwachia alama; hakuwa ameivua hata siku moja.

"Lakini nyathina, mtoto wangu," alisema, wala hakukasirika, "ile siku si ulisimama hapo ukaangalia huu mkono, ukanichekea? Mimi nikajua kazi iko sawa. Hata wenye walikuwa wamevaa kushoto, nikawaambia wahamishe wavae kama mimi."