Siku Maimoi Alipomtaja Mkwewe

Kapana alikuwa ameinama katika shamba lake la magimbi, lile la siri ambalo Wajapani waliokivamia kisiwa chao hawajalinusa, aliposikia mtu akikohoa nyuma ya kichaka. Kikohozi kikarudiwa, kwa adabu zaidi. Katika nchi yote ya Siwai hakuna mwanamume akohoaye hivyo isipokuwa mkwe. Kapana akageuka, akakipa kichaka mgongo.

"Tukem," sauti ya Maimoi ikamwambia mbwa wake, "mwambie yule mama kwamba Rausi ana uchungu tangu alfajiri. Wanawake wanasema mtoto amekingama tumboni."

Jembe la mti likamdondoka Kapana. Rausi alikuwa bintiye wa pekee, na kule msituni, walikojificha vita, hapakuwa na mikono mingine iliyojua kumgeuza mtoto tumboni. Asipofika kabla ya jua la utosi, atawazika wawili.

"Tukem, mwulize huyo mwenye kikohozi kwa nini amechelewa hivi."

"Mwambie kuna vita njiani."

"Mwambie vita viko njiani mwaka wa tatu huu. Atangulie!"

Mbwa akatazama huku, akatazama kule, akapiga miayo. Tangu harusi, Kapana na mkwewe hawakuwa wametazamana usoni wala kusemezana, na jina la Kapana halikuwahi kupita kinywani mwa kijana yule. Ndivyo heshima ilivyo. Siku zote Rausi ndiye aliyewapelekea maneno. Leo kazi hiyo ilimwangukia Tukem.

Wakaondoka, mwanamume mbele, mbwa katikati, mama nyuma na kikapu chake kichwani. Waaustralia walikuwa wakipanda kutoka mtoni na Wajapani wamejichimbia kilimani, na kila upande ulikuwa ukimjibu mwenzake kwa mizinga. Juu yao ndege zenye mabawa yaliyopinda zilikuja mbilimbili, zikatema moto kilimani, zikarudi baharini.

Walipofika kivukoni, risasi zilikuwa zikikatiza juu ya maji kama nyuki waliochokozwa. Kapana akajitupa nyuma ya gogo kubwa. Maimoi akalala hatua kumi kando, kwenye tope tupu, matako yakionekana na majeshi yote mawili.

"Tukem, mwambie huyo mpumbavu gogo ni refu."

"Mwambie kukaa gogo moja na mkwe ni aibu."

"Mwambie maiti haoni aibu! Na mwanangu sikumlea awe mjane."

Kisha gogo likatikisika upande wa pili kabisa, na Kapana akajua kwamba mkwewe amelitii neno lake bila kuuvunja mwiko wote. Risasi zilipohamia bondeni wakavuka, maji kifuani, mbwa akiogelea katikati yao kwa uaminifu wa karani.

Ng'ambo ya pili palikuwa na uwanda wa shamba la zamani. Kapana alitembea macho chini, kama ilivyompasa, asiutazame mgongo wa mkwe. Kwa hiyo hakuiona ndege iliyojitenga na wenzake ikashuka, pengine ikiwadhania kuwa askari.

"Kapana! Lala chini! Kapana!"

Akaanguka. Ardhi ikapasuka kwa mstari kandokando yake, upepo wa moto ukampita, na mngurumo ukaenda zake. Alipofungua macho, kikapu kilikuwa nyuzi tupu, na magimbi yamesagwa kuwa uji. Yeye alikuwa mzima, kidole kwa kidole.

Mbele yake Maimoi alikuwa amelala kifudifudi. Hakuwa ameumia, ila hakuthubutu kuinua uso.

"Tukem," Kapana akasema, "kuna mtu hapa ametaja jina langu. Mara mbili."

"Mwambie nitauosha mwiko," sauti ikatoka kwenye udongo. "Nitachinja nguruwe."

"Nguruwe gani? Wajapani si wamewamaliza?"

"Yuko mmoja. Nimemficha korongoni, miezi sita sasa."

"Mwongo mkubwa! Na mwanangu mjamzito anakula majani!"

"Mwambie nilikuwa namtunzia karamu ya mtoto."

Kicheko kikampanda Kapana, kicheko ambacho hakujua kama bado anacho. Alicheka mpaka akashika mbavu, na kule kwenye udongo mabega ya Maimoi nayo yakaanza kutikisika. Kisha wakakimbia.

Alimkuta Rausi chini ya paa la majani, kijivu kama majivu. Kapana akapaka mikono mafuta ya nazi, akafumba macho, akamtafuta mtoto kwa vidole: kichwa hapa, kisigino pale. Nje mizinga ilikuwa ikihesabu. Ndani yeye alikuwa akisukuma, akingoja, akisukuma, akibembeleza. Mtoto akateleza, akageuka kama samaki. Jua lilipoanza kuinama, kilio chembamba kikasikika.

"Msichana!" wanawake wakapiga vigelegele, maana kwa Wasiwai ukoo hupita kwa binti. "Ukoo umesimama!"

Jioni kilima kilikuwa kimya. Wajapani walikuwa wamekiacha. Nguruwe wa siri aliiva juu ya mawe ya moto, na harufu yake ikawatoa watu msituni kutoka kila maficho. Kapana akaketi ndani ya kibanda, mjukuu mapajani, mgongo mlangoni.

"Tukem, mwambie baba yake kwamba huyu ataitwa Kapana."

Nje mtu akapaliwa na nyama. "Tukem, mwulize huyo mama, nitamwitaje mwanangu mwenyewe?"

"Mwambie nguruwe ameliwa, mwiko umeoshwa. Amwite kama alivyoita asubuhi."

Rausi alikuwa akicheka kimya kimya, machozi yakimtoka. Maimoi akakohoa. Akakohoa tena. Kisha akapaza sauti ikajaza bonde zima:

"Kapana!"

"Abee!" bibi akaitika kabla hajajizuia.

"Tukem," mkwe akasema polepole, "mwambie yule mama kwamba aliyeitwa ni mtoto."