Punda Niliyemlea Mimi

Bwanamkuu aliponiacha hakuja mwenyewe. Alimtuma mtu na karatasi ya talaka, na mtu huyohuyo akamfungua punda wangu uani akaondoka naye. Punda nilimlea mimi. Mamake alikufa akimzaa, nikamnywesha maziwa ya mbuzi kwa kitambaa, nikamwita Yatima. Talaka niliimeza. Punda alinikaa kooni.

Nilipopeleka watu wamdai, Bwanamkuu aliwajibu barazani, kila mtu akisikia: "Idi Kubwa tutakwenda mbio, Wiyoni hadi Kipungani na kurudi. Punda yeyote wa Wiyoni akinipita ndiani, huyu nitamregeshea Swafiya." Watu wakacheka, maana Wiyoni kwetu punda ni wa kubeba mawe.

Nami nilikuwa na huyo wa mawe mmoja tu, wa kaka yangu Mohdhar, na mpandaji ambaye hakuna aliyemfikiria: Philip, karani wa serikali kutoka bara, mpangaji wetu. Kabla ya Uhuru alikuwa akitunza farasi kwa mzungu huko Molo. Nilimwambia nataka Bwanamkuu aaibike mpaka ashindwe kupita mjini. Akaniuliza zimebaki wiki ngapi. Ilikuwa mwanzo wa Mfunguo Mosi, Ramadhani ndiyo kwanza imeisha, kwa hivyo kumi.

"Zinatosha, Bi Swafiya," akasema. "Wiki mbili za kwanza atatembea tu."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Nilitaka punda atimuliwe siku hiyohiyo. Philip alimpeleka ufuoni maji yakipwa, kwenye mchanga mgumu, kwa sababu mchanga mwororo huumiza miguu ambayo haijazoea. Wiki ya tatu akaanza kuchanganya, kutembea kidogo, kukimbia taratibu kidogo. Kila baada ya siku mbili alimpumzisha. Akishuka, aliweka mkono nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele akahesabu mapigo ya moyo, na yasipotulia upesi, safari iliyofuata aliifupisha. Mimi nilikaa kizingitini nikisaga meno. Hasira yangu mimi haijui kutembea.

Siku ya Idi, baada ya swala, walitoka punda tisa. Bwanamkuu, ndani ya kanzu mpya, alimchapa Yatima tangu hatua ya kwanza. Philip alitoka wa mwisho, punda wake akitembea, watu wakamzomea. Mimi nilisimama hatua mia mbili kabla ya mwisho na ndoo ya maji, kama alivyoniagiza, ili punda amwagiwe shingoni akirudi.

Wa kwanza kutokea alikuwa Bwanamkuu. Yatima aliyumba, mapovu mdomoni, lakini alinipita, na moyo wangu ukafa. Hatua hamsini nyuma yake akaja Philip, punda wake anakimbia mwendo uleule wa mazoezi. Aliponikaribia akapaza sauti: "Ndoo! Ndoo!"

Yeye alitaka chombo cha maji. Lakini kwetu Amu "ndoo" pia ndiyo "njoo," na ndilo neno nililomwitia Yatima maziwa tangu mdogo. Yatima alisimama ghafla, akatega masikio, akageuka mwili mzima akanijia. Bwanamkuu alimpiga mpaka fimbo ikavunjika. Yatima akatia mdomo ndooni akanywa. Philip aliona, akayaacha maji, akampita Bwanamkuu.

"Umemwita," Bwanamkuu akanguruma.

"Mimi sikumwita. Aloita ni Bwana Philip, naye alitaka mai."

Wazee wakaniapisha, nikaapa, na kiapo kilikuwa cha kweli. Ningekumbuka ningemwita mwenyewe, na mpaka leo naumia kwamba sikukumbuka.

Nilimfungua Yatima tandiko. Chini yake palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kiganja, kinanuka. Huruma kidogo iliyokuwa imenibakia kwa mwanamume yule ikaondoka. Nikamtwika Bwanamkuu tandiko lile begani, na usaha wake na jasho lake, juu ya kanzu ya Idi.

"Punda ni wangu," nikamwambia. "Hili ni lako, nenda nalo kwako."

Akaenda nalo, watu wote wakimtazama. Philip alikuwa amesharudi, akaninong'oneza, "Inatosha, Bi Swafiya."

Nikamwambia bado. Nyumba ya Bwanamkuu iko Mkomani, na njia ya kwenda huko inapita milangoni mwa shangazi zangu watatu, nami nilikuwa nimeshawapelekea habari watoke nje.