Jiwe la Rozalia

Wa kwanza kuinua mkono kijiji kinunue mashine ya kusaga alikuwa Rozalia. Rozalia huyu huyu, ambaye jiwe ndilo lililomlisha! Tangu afiwe na mume, wanawake wa kijiji chao, kule upande wa Mugoma, walimletea mtama na ulezi, akawasagia, nao wakamwachia kibaba cha unga. Lakini Telesfori, mwenyekiti, alikuwa kaka wa marehemu, naye alimwambia mbele ya mkutano mzima, "Shemeji, mashine ikija, mpimaji ni wewe. Nani anaujua unga kukushinda?" Watu wakapiga makofi, na Rozalia akaamini.

Kila kaya ikaambiwa ilete mawe ya msingi wa nyumba ya mashine. Rozalia akatoa jiwe lake lenyewe la kusagia, alilorithishwa na mama mkwe, limelika katikati kwa mikono ya wanawake. Kwani angelifanyia nini tena? Telesfori akaamuru liwekwe mlangoni, eti kwa heshima. Heshima gani, jamani!

Mashine ikaja, na kazi ya kupima akapewa Adelfina, binti wa Telesfori. Rozalia aliposimama mkutanoni kuuliza, mwenyekiti akamkata kauli: mama huyu anapinga maendeleo. Wanawake aliowasagia miaka nenda rudi wakatazama chini, hata jirani yake Eustakia. Hilo ndilo lililomkata maini. Akaanza kulima vibarua, na kila alipopita barabarani aliona kwa mbali watu wakifutia miguu yenye matope juu ya jiwe lake pale mlangoni.

Kisha vita na Amini vikaja. Dizeli yote ikaenda jeshini, mashine ikanyamaza, na watoto wakala mtama wa kuchemsha mpaka matumbo yakawauma. Ndipo Telesfori akabisha hodi kwa Rozalia, nyuma yake wanawake na vikapu vyao, na wanaume wawili wamebeba jiwe.

"Shemeji, tusamehe. Tumelichimbua. Tusaidie."

Walipolitua, Rozalia akapiga magoti kulipapasa. Lo! Walikuwa wamelilaza kifudifudi. Upande wote wa kusagia ulikuwa umejaa sementi, imeganda kabisa. Machozi yakamtoka kwa hasira.

"Tutaikwangua," Eustakia akasema kwa sauti ndogo.

"Kwangueni," Rozalia akajibu, akiinuka na kuchukua jembe lake. "Mkimaliza, mwiteni Adelfina awasagie."

Akawapita hapo uani, akaenda kwenye kibarua chake.