Gepu ya Plagi ya Shigela

Shigela alipoleta pikipiki yake gereji kwa Nestory, pale Izia, alitaka jambo moja tu: ipande mlima na madumu manne ya maziwa bila kuhema. Kila alfajiri alitoka Mpui, kwenye zizi la baba yake, kuja kuuza mjini.

Nestory akatanua silinda, akaweka pistoni kubwa, akabadili kabureta. Siku tatu, kazi safi. Ikabaki plagi mpya. Injini iliyoongezwa mgandamizo haitaki gepu ya kiwandani, ule mwanya wa cheche kwenye ncha ya plagi. Ukivuta mafuta yote huku umebeba mzigo, cheche inashindwa kuruka. Ilipaswa aibane plagi mpaka gepu ifike nukta sita ya milimita. Alilijua hilo kama anavyoijua Baba Yetu. Lakini geji ya kupimia alikuwa ameiazima fundi mwenzake, Baltazari, na Shigela alishavaa kofia, ana haraka. Nestory akaitazama plagi kwa jicho, akaifunga vilevile ilivyotoka kwenye boksi.

Pikipiki ikaunguruma vizuri ikiwa imesimama.

"Fundi, wewe ni noma," Shigela akasema, akaondoka.

Siku ya nne, akiwa mlimani analipita lori la mahindi, injini ikakata ghafla. Mbele basi linashuka. Shigela akajitupa mtaroni, mguu ukavunjika mara mbili.

Jioni ile kijiwe cha bodaboda kilikuwa kimeshampata mkosaji. Ni Bertila, mjane aliyeuza petroli ya chupa kando ya barabara. Shigela alikuwa amejaza kwake. Wakasema anachanganya na mafuta ya taa. Nestory alikuwepo. Geji ilisharudi kutoka kwa Baltazari, na pikipiki ilipoletwa gereji alishaifungua plagi na kuipima: nukta tisa.

"Fundi, si ni mafuta yale?" akauliza Calvin, dereva aliyemwamini kuliko wote.

"Huenda," Nestory akajibu.

Neno hilo likawa ushahidi. Kuanzia kesho yake hakuna aliyesimama kwa Bertila. Nestory akawa anapitia njia ya nyuma, asizione zile chupa zilizojaa. Chakula hakikushuka. Mkewe, Jenifa, akadhani ni malaria.

Jumapili ya pili, wakati wa kupeana amani kanisani, mwanamke wa benchi la mbele akageuka. Ni Bertila.

"Amani ya Kristo, mwanangu," akasema, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Nestory hakungoja komunyo. Alitoka, akaenda moja kwa moja hospitali.

Shigela alimsikiliza mpaka mwisho, mguu wake ukiwa umening'inizwa.

"Ulijua kwamba ilitakiwa kubanwa?"

"Nilijua."

"Na mimi nimemtukana yule mama kwenye simu. Mtu wa umri wa mama yangu." Akageukia ukutani. "Habari ya mguu tutaongea nikisimama. Wewe nenda kijiweni. Waambie kama ulivyoniambia mimi, usipunguze."

Jumatatu asubuhi Nestory akasimama katikati ya madereva, akasema yote: pistoni, gepu, haraka yake, na lile neno "huenda". Alipomaliza, Calvin akaomba ufunguo wa pikipiki yake iliyokuwa gereji, akaisukuma kwenda kwa Baltazari. Wengine wawili wakamfuata.

Nestory akavuka barabara.

"Shikamoo, mama."

Bertila alikuwa anapangusa vumbi kwenye chupa. Alikuwa amesikia, sauti ilifika.

"Siku kumi na moja, Nestory. Wajukuu wangu wanaitwa watoto wa mwizi wa mafuta."

"Nisamehe, mama."

"Ule mkono nilikupa kwa moyo." Akaiweka chupa chini. "Nimekusikia. Kusamehe bado sijafika. Marahaba."

Dereva mmoja akaja taratibu, macho chini, akaomba lita moja. Bertila akachukua mpira na faneli, akamwambia Nestory asogee, anaziba njia.