Mama Imma Anapokea Oda

Marehemu Kokuberwa aliuza dagaa kwa ulimi. Wanawake wa Magu, Misungwi na Shinyanga walimwita Mama Imma, na wengi wao hawakuwahi kumtia machoni. Walimjua kwa simu tu. Alianza na salamu, akauliza goti la bibi, akauliza yule mtoto wa kikohozi anaendeleaje, na dagaa wakaja mwishoni kama jambo dogo lililokuwa limesahaulika. Mteja akishazoea kuulizwa hivyo, angehamia kwa nani?

Alipofariki, bintiye Immaculata alimzika Muleba, kwenye kibanja cha ukoo, katikati ya migomba, kama ilivyo desturi ya Wahaya. Kisha akarudi kwenye duka la mama yake, Igogo, na kufanya jambo la ajabu. Hakuwaambia wateja.

Tusimhukumu haraka. Kampuni moja kubwa ilikuwa imefungua ghala karibu na mwalo, pale wavuvi wanaposhushia dagaa, yenye vyumba vya baridi na bei ambayo Immaculata asingeiweza hata kwa kuuza bila faida. Alikuwa amesomea biashara, akajua kwamba kwa bei angepigwa asubuhi na mapema. Silaha yake ilikuwa moja tu, kuwajua wateja. Na aliyewajua alikuwa chini ya udongo.

Ndipo alipomwendea Jovitus, mtaalamu wa mifumo ya kompyuta mwenye ofisi yake Nyegezi. Mama alikuwa ameacha kwenye simu jumbe za sauti zisizohesabika. Jovitus aliziingiza zote kwenye mfumo mpya, pamoja na duka la mtandaoni na kumbukumbu za kila mteja: nani hununua nini, lini, na kwa sababu gani. Mfumo ulijua kwamba Modesta wa Magu huishiwa mzigo siku za mnada, ukampigia kabla hajakumbuka mwenyewe. Ulimpigia kwa sauti ya Mama Imma.

"Marahaba, mwanangu. Goti la bibi je?"

Mauzo yakapanda. Kampuni kubwa ikashusha bei, wateja wala hawakutikisika. Mizigo ya Immaculata ikawa inajaza buti za mabasi pale stendi ya Nyegezi, na watu wakamsifu kuwa binti kamrithi mama. Asichomwambia mtu ni kwamba mchana, duka likiwa tupu, naye aliipigia namba ya duka na kusema shikamoo, ili tu aitikiwe. Kule Muleba hakuwa amelia. Alikuwa na shughuli za kuzika, kisha akawa na shughuli za kuuza.

Siku moja Modesta akampigia.

"Mwanangu, mama yako ana nini miguuni?"

"Kwa nini, mama mdogo?"

"Jana tumeongea vizuri, oda nimetoa. Mwishoni akaniambia, 'Mwambie Imma akate ule mgomba, mizizi inanigusa miguu.' Sasa mimi nikajiuliza, Igogo kwenye mawe yale kuna mgomba gani?"

Immaculata akacheka kicheko kikavu. "Amechoka tu, mama mdogo. Umri huo."

Lakini kesho yake mzee Luhaga, mteja wa Misungwi, naye akauliza habari za mgomba. Jovitus alizipekua jumbe zote za marehemu. Mgomba ulitajwa mara nyingi, maana Mhaya gani asiyetaja mgomba? Mizizi inayogusa miguu haikuwepo popote.

"Dada Imma, mfumo unaunganisha maneno tu," alisema, ingawa hakumtazama usoni. "Hauoni kitu. Nitalizuia hilo neno, yatakwisha."

Immaculata hakuridhika. Alimpigia kaka yake Kaijage, anayekitunza kibanja, akamwomba aende kuangalia kaburi, upande wa miguu. Alisikia nyayo zake zikivunja majani makavu ya migomba. Kisha zikasimama.

"Imma, nani amekuambia?"

Chipukizi la mgomba lilikuwa limetoboa udongo wa kaburi, kijani kibichi, limefika magotini.

"Nilikate?"

"Usiliguse," Immaculata alisema upesi. Aliogopa. Kulikata ilikuwa ni kukubali kwamba anamjua aliyeomba likatwe.

Akamwamuru Jovitus aizime sauti ile kabisa. Jovitus aliizima Ijumaa, mbele ya macho yake, na wateja wakaandikiwa ujumbe kwamba Mama Imma amesafiri kupumzika. Immaculata akaipigia namba ya duka ahakikishe. Iliita mpaka ikakatika. Aliumia moyo kuliko alivyoumia siku ya mazishi.

Jumamosi asubuhi alipofungua duka, alimkuta Modesta amesimama mlangoni, khanga kiunoni, sufuria kubwa kichwani. Nyuma yake walikuwa wanawake wa Magu na Shinyanga wakiwa na mikeka, kuku, mchele, magunia ya mkaa. Mzee Luhaga alikuwa amebeba turubai begani. Wote walikuwa wamevua viatu.

"Shikamoo, mama mdogo," Immaculata alisema, ulimi mzito. "Oda zimekwama kidogo. Mama kasafiri, lakini..."

"Nyamaza, mwanangu." Modesta akatua sufuria. "Amenipigia usiku wa kuamkia leo. Ametupigia wote. Amesema tuje msibani."

"Msiba wa nani?"

"Wake."

Immaculata akashika kaunta.

"Amesema hakuna aliyetangaza, basi anatangaza mwenyewe," Modesta akaendelea, kwa upole. "Na amesema tusikugombeze. Eti una kazi nyingi, hukupata nafasi."

Mficha maradhi, kilio humfichua. Immaculata alikuwa na uongo wa mwisho mdomoni, tayari kabisa, na ungeweza kuwarudisha watu wale makwao na wateja wakabaki wateja. Haukutoka. Kilichotoka ni sauti ambayo yeye mwenyewe hakuijua, naye akaketi palepale kwenye sakafu ya duka.

"Mama amefariki," alisema. "Mama yangu amefariki."

Wanawake wakaingia, wakatandika mikeka, wakakaa naye na kulia. Dagaa hakuna aliyewataja.

Alipoweza kuongea, alimpigia Kaijage.

"Kaka, likate."

Kaijage akaenda kaburini na panga. Immaculata alilisikia likiingia mara moja tu kwenye shina lile laini. Akaigeukia simu ya duka iliyokuwa juu ya kaunta.

"Shikamoo, mama," alisema.

Wote wakasubiri pamoja naye. Simu haikujibu. Alisubiri tena, macho yamemtoka, mpaka Modesta alipomshika mkono.

"Marahaba, mwanangu," Modesta akaitikia.