Insha Iliyowaliza Wajumbe Wawili

Mpwa wangu aliingia karakanani akiruka vipande vya mbao, simu mkononi, meno yote nje.

"Mjomba, nimepata ufadhili! Miaka yote mitatu!"

Nikazima randa ya umeme. Barua kwenye simu ilikuwa na nembo mbili na muhuri. Ilisema kamati imesoma insha yake, na wajumbe wawili wametokwa machozi. Kilichobaki ni ada ya usajili, ilipwe kabla ya Ijumaa.

"Ada utaitoa wapi?"

"Ile aliyonipa mama ya kushikia nafasi chuoni. Hawa watalipa kila kitu."

Dada yangu ni fundi cherehani. Hela hiyo ameipata kwa kupinda suruali za watu mwaka mzima. Ikiliwa, nafasi ya chuo anapewa mwingine.

"Mtu anataka kukupa hela, halafu anaanza kwa kukuomba hela?"

Akanuna. "Wewe kila kitu unakiona feki. Safari hii wameisoma insha yangu, Mjomba. Wameisoma kweli."

Nina hasira za karibu, lakini hapo nilizimeza. Binti huyu alishaomba ufadhili sehemu sita, na hakuna hata moja iliyomjibu. Nikamwomba tu anitumie ile fomu ya maombi aliyoijaza.

Nikaketi kwenye benchi, miwani puani, nikajaza kwa kidole kimoja. Jina: Msumari, kama wanavyoniita mtaani. Umri: hamsini na nne. Kozi: uuguzi. Penye insha nikaandika: "Kiti kikiyumba usikimbilie kukata mguu. Kwanza angalia sakafu. Asanteni."

"Unafanya nini?"

"Naomba ufadhili. Kwani mimi nimekatazwa kusoma?"

Alicheka kwa shida. Nikarudi kwenye droo niliyokuwa naiunga. Gundi haijaanza hata kushika, simu yangu ikalia. Nikampa asome mwenyewe.

"Ndugu Msumari, hongera. Kamati imesoma insha yako, na wajumbe wawili..." Akakoma.

"Endelea."

"...wametokwa machozi."

Kicheko kilinitoka, sikuweza kukizuia. Yeye naye alicheka mpaka akaegemea kabati la mteja. Kisha nikaona mabega yanatikisika vingine, na nikajuta kwa kucheka.

"Hela ya mama naipeleka chuoni leo leo," alisema akijifuta kwa kiganja. "Lakini siyo hela inayoniuma, Mjomba. Ni kwamba hakuna mtu aliyeisoma."

Nikapangusa vumbi kwenye kiti, nikamsogezea.

"Unayo hapo kwenye simu? Nisomee."

"Sasa hivi? Una kazi."

"Kazi itangoja."

Akasoma. Mwanzoni sauti ilikuwa chini, kisha ikapanda. Alikuwa ameandika jinsi alivyomuuguza bibi yake, mama yangu mimi, miezi ile ya mwisho, alivyojifunza kumgeuza kitandani bila kumuumiza. Mengine sikuwahi kuyajua. Alipomaliza nikavua miwani.

"Pale pa kumgeuza bibi pasiguswe," nikamwambia. "Ila mwanzo unazunguka mno. Sentensi tatu za kwanza zote zinasema kitu kimoja. Na mwisho umeukatisha, kama umechoka."

Akanitazama, macho bado mekundu.

"Wale hawakuikosoa hata nukta."

"Wale hawakuisoma, mama."

Akaomba penseli yangu na kipande cha karatasi, akasema nirudie pale kwenye sentensi tatu.