Mkono wa Mama Kwenye Kioo

Tangu kiharusi kimpitie, mzee alibaki na maneno yote mdomoni, lakini herufi zilimkimbia. Ukimwekea gazeti, anaona sisimizi. Mkewe, fundi cherehani asiyekubali kushindwa, akapiga picha mikono yake mwenyewe: mkono sikioni ndio simu, mkono ulioshika unyayo wa mtoto ndio picha za wajukuu, mkono unaozungusha kitufe ndio redio. Akaziweka mahali pa ikoni, vile vijipicha vya kubofya, kwenye kompyuta ya nyumbani, ile ya mfumo wa Linux ambayo binti yao aliwaletea ofisi yake ilipoichoka. Mzee akawa anaufuata mkono wa mkewe, hapotei.

Kisha mama akafariki.

Binti akaja na mwanawe mdogo kusafisha nyumba. Nguo akazigawa, cherehani akaifunika shuka. Kompyuta ilikuwa imejaa, inajikokota, na akaunti ya mama haikuwa na mwenyewe tena. Akaifuta pamoja na vyote vilivyokuwamo. Hakujua kuwa ikoni za baba zilikuwa zikichota picha humo humo.

Asubuhi baba akamwita. "Hebu njoo. Kioo kimepofuka."

Ikoni zote zilikuwa zimegeuka karatasi nyeupe, zinafanana kama mapacha. Binti akafungua faili ya ikoni mojawapo, akasoma njia ya kuifikia picha. Njia ilikuwa sawa. Ilikoelekea ndiko hakukuwa na kitu. Ilikuwa ile akaunti aliyoifuta.

"Imekuwaje?"

"Kidogo tu, Baba. Natengeneza."

Akapekua pipa la taka la kompyuta, akapekua simu ya marehemu. Hola. Basi akaivaa pete ya mama, ile iliyoonekana katika picha zilizofutika, akauweka mkono wake mbele ya kamera, sikioni kwanza, kisha kwenye unyayo wa mwanawe aliyelala. Akazielekeza faili hizo mbili kwenye picha zake mpya.

Mzee akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Vidole vinene hivi vya nani? Mama yako kidole cha shahada kilipinda. Sindano ilikipitia."

"Vyangu, Baba."

"Na vyake viko wapi?"

"Nilivifuta. Nilifuta kila kitu chake. Sikujua."

Baba hakufoka. Heri angefoka. Akabofya mkono wa sikioni, simu ikafunguka vizuri, akaifunga. Binti akavuta mausi ili amalizie redio, ambayo bado ilikuwa nyeupe.

"Hiyo iache."

"Utaijuaje sasa?"

"Kwenye hizo nyingine nitakuzoea, mwanangu. Ila hapa," akaigusa ile karatasi nyeupe, "hapa alikuwa yeye. Napajua."

Akabofya. Redio ikaanza katikati ya wimbo, naye akatulia akipatazama pale peupe.

Binti akaenda bafuni kuivua pete. Ilikuwa imembana, hata kwa sabuni haikutoka upesi.